Mwaka Birikani Palipogeuka Peupe

Mimi ni mtu wa kushuku. Nalisema mapema ili asije mtu baadaye akadai nilimficha. Nikinunua maziwa nayaonja mbele ya muuzaji, nikiambiwa fulani mgonjwa nauliza anaumwa wapi na tangu lini, na mtu akinisifia chakula changu nakionja tena nijue kimepungua nini. Wanangu hunicheka kwa tabia hiyo. Wakwe zangu hawacheki. Kwa hiyo siku ya matanga ya Mzee Athumani, nikiwa upande wa wanawake nyuma ya nyumba napakua wali kwenye masinia, nilipomwona mwanamume mmoja mwenye mvi anakuja kwenye mfereji wetu, macho yalimganda. Wenzake kule mbele, chini ya turubai, walikuwa wananawishwa kwa birika, vidole tu, kama inavyofanywa. Yeye alikuja kwenye mfereji, akakunja mikono ya shati hadi mabegani, akajipaka sabuni kuanzia kucha mpaka kwapani, akasuuza. Akapaka tena, akasuuza. Akapaka mara ya tatu. Nikajiambia, lo, huyu ana nini mikononi? Ndipo alipogeuza kiganja cha kushoto kukisuuza, nikaliona kovu, mstari wa meno madogo madogo toka kidole gumba hadi kwenye kifundo. Kovu lile nililifunga mimi mwenyewe, kwa kitambaa nilichokipasua kwenye leso yangu. Alikuwa Beja. Zaidi ya miaka ishirini sikuwa nimemtia machoni, na muda wote huo nilikuwa na neno lake nililolikalia, neno la kusemwa kwa dakika moja. Mwiko ukanitoka mkononi, ukaanguka ndani ya sufuria.

Mzee Athumani ndiye aliyetupa kazi sote wawili, mwishoni mwa mwaka wa tisini na saba, mvua kubwa za El Nino zilipokwisha kukata barabara na kuwaacha wageni wa kuhesabu kwa vidole. Alikuwa na banda la makuti pwani ya Diani, upande wa kusini, kule mahoteli yanakoanza kuachana. Banda lenyewe lilikuwa na vyumba vitatu, ukiviita vyumba kwa hisani. Cha mbele kilikuwa na miwani ya kuzamia imetundikwa kwenye misumari, mirija ya kupumulia imesimamishwa ndani ya ndoo, na mapezi ya mpira yamepangwa chini kwa ukubwa, ya watoto mlangoni na ya wanaume wenye miguu kama makasia kule mwisho. Kilinuka mpira, chumvi na mafuta ya nazi. Cha kati kilikuwa jiko la Bi Mejumaa, mpishi wetu, ambaye alipika kwa kuni na kuongea tangu asubuhi hadi magharibi bila kuweka nukta. Cha nyuma kilikuwa stoo, na humo ndimo alimolala Beja juu ya magunia. Ukuta kati ya vyumba ulikuwa makuti matupu, kwa hivyo hapakuwa na siri. Ukikohoa mbele, jikoni wanakuambia pole.

Kazi yangu ilikuwa kumvika mgeni miwani. Unamwekea usoni bila kufunga mpira, unamwambia avute pumzi kwa pua, na miwani ikibaki imeshika, basi ndiyo yake. Kisha unatema mate kwenye kioo, unasugua kwa kidole, unasuuza kwa maji ya bahari, na kioo hakifanyi ukungu. Wageni wengine waliona kinyaa wakaniambia watatumia sabuni. Nikawaacha watumie. Walirudi macho mekundu wakitema mate wenyewe. Baada ya hapo niliwaongoza kwa miguu juu ya mwamba maji yakiwa yamekupwa, nikiwaonyesha pa kukanyaga. Mimi mwamba ule niliujua kwa nyayo. Tangu sijavunja ungo nilikuwa nachokoa pweza na bibi yangu, na mchokoo wake, fimbo ya chuma yenye ncha, ndio niliokuwa natembea nao hata nikiwa na wageni.

Beja alitujia kutoka upande wa Kinango, kwenye ng'ombe na vumbi, akiwa na blanketi, rungu na makatambuga ya tairi, aajiriwe kuwa askari wa banda. Bahari alikuwa hajapata kuigusa. Siku ya kwanza alisimama juu ya mchanga mkavu akiitazama kama mtu anayetazama fahali asiyemjua. Bi Mejumaa alikaribia kufa kwa kucheka. "Mduruma na bahari wapi na wapi?" akasema kwa sauti ya kusikika. "Huyo akimwona pweza atamfunga kamba amchunge!" Beja akajibu kwa upole, "Na nyinyi Wadigo mkimwona ng'ombe mnamtafutia magamba, mama." Bi Mejumaa akampakulia kipande cha samaki kikubwa kuliko changu. Tangu siku hiyo nikamshuku kwamba ni mtu wa maneno matamu.

Nilimfundisha kuogelea mimi, kwenye maji ya kiuno, kwa sababu Mzee Athumani alisema askari asiyejua maji ni hasara pwani. "Pumua kwa mdomo, Beja. Pua isahau." Akazama, akainuka akikohoa, kamasi zimemwagika, akasema, "Dada Mwanasha, pua yangu haisahauliki." Nikacheka mpaka nikakaa majini na nguo zangu. Baada ya miezi miwili alikuwa anakaa chini kuliko mimi. Tena alikuwa na jambo ambalo sisi wa pwani hatukuwa nalo. Sisi tukimwona kangu tunasema kangu, na tunafikiria mchuzi. Yeye alimtambua kangu mmoja mmoja, kwa kovu, kwa mkia uliopasuka, kwa namna ya kugeuka, kama alivyojua ng'ombe wa kwao. Aliwapa majina. Kangu mkubwa wa buluu alikuwa Fahali. Vitatange wawili wa manjano wasioachana aliwaita Mapacha. Mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, aliyekaa kwenye tundu lake akitoa kichwa na kukirudisha ndani kila tukipita alimwita Mkwe, kwa kuwa, alisema, ndivyo mama mkwe anavyokuchungulia akiwa hataki mwonane. Ni huyo Mkwe aliyemuuma kiganja siku aliponyoosha mkono kumsalimu. Wageni wakaanza kumtaka yeye. Walikuja wakiuliza, yuko wapi yule anayejua samaki kwa majina? Nami nilifurahi, na niliumia, na kama nitasema kweli yote, nilimpenda. Sikumwambia. Ningemwambiaje na nilikuwa namchunguza bado?

Lakini nilimwambia jambo kubwa kuliko hilo, nalo ni Birikani. Kwetu mtu anayechokoa pweza ana mashimo yake, kama mtu alivyo na minazi yake. Ukiligundua shimo unaweka jiwe la alama mdomoni, na mwenzio akiliona anapita. Humwonyeshi mtu, hata rafiki, hata mume. Bibi hukuonyesha ukiwa umekua, nawe unamwonyesha mjukuu. Mashimo ya bibi yangu yalizunguka kidimbwi kirefu kilichojificha nyuma ya mwamba, kilichofikiwa kwa miguu siku za bamvua tu, maji yakikupwa sana. Ndicho alichokiita Birikani. Juu ni kitu cha kawaida, duara la maji ya kijani. Ukitia uso ndani na miwani, utasahau jina lako. Matumbawe yamepangana kama makabichi ya shambani, ya kahawia, ya zambarau, mengine yamesimama kama pembe za kulungu zenye ncha za buluu, na maua ya bahari yanayochezacheza, ndani yake visamaki vya rangi ya chungwa vinachungulia. Kasa alikuja humo kulala. Bibi alinionyesha mwaka mmoja kabla ya kufa kwake. Mwezi wa kwanza wa tisini na nane, siku ya bamvua kubwa, nikamchukua Beja nikampeleka. Alikaa na uso majini hadi maji yakaanza kurudi, nikamvuta shati. Alipoinuka alikuwa analia, au ni chumvi. Akasema, "Hapa nitaingia kwa adabu." Nilimwambia asimwonyeshe mtu ila tukiwa wawili. Akakubali, na nijuavyo, alilishika.

Basi likaingia joto. Mwezi wa pili na wa tatu mwaka ule sitausahau. Hata upepo ulikuwa moto. Bi Mejumaa alishuka kuosha masufuria ufukweni, akarudi na mikono kiunoni. "Leo nani ameibandika bahari jikoni?" Tukacheka. Tukakaa juu ya majamvi, tukala sima na mchuzi wa pweza wa nazi, tukaendelea kucheka kwamba mwaka huu wageni watakuja na chai zao wenyewe, maji yapo. Mimi mwenyewe niliingia Birikani nikahisi maji kama ya kumwogeshea mtoto mchanga, na rangi za matumbawe niliziona zimepauka kidogo, nikadhani ni jua kali machoni. Tazama basi. Mimi ninayeonja maziwa mbele ya muuzaji, jambo lenyewe limenizunguka mwili mzima, limenifika shingoni, wala sikulishuku.

Katikati ya siku hizo Beja aliomba ruhusa wiki moja aende kwao. Baada ya mvua zile kupe walikuwa wamefurika, ng'ombe wanakufa, na baba yake hakuwa na mtu wa kumsaidia. Akaenda, akarudi na mkoba mzito kuliko alivyoondoka nao. Kesho yake asubuhi ilikuwa bamvua, tukapeleka wageni wawili Birikani, yeye akatangulia kuingia. Bamvua iliyofuata, wiki mbili baadaye, tukarudi. Nilikuwa nyuma nikimshika mkono mama mmoja mzee wa Kijerumani asiteleze, nikamsikia mumewe aliyekwisha kuzama anapiga kelele za furaha ndani ya mrija. Nikatia uso. Birikani palikuwa peupe. Palikuwa peupe pe, kama mtu amemwaga chokaa, kuanzia makabichi mpaka pembe za kulungu, na maua ya bahari nayo meupe, na vile visamaki vya chungwa vimebaki humo kama vimefiwa. Hata Mkwe hatukuwa tumemwona tunduni wakati tunapita. Wageni wakasema hawajapata kuona kitu kizuri namna hiyo, wakapiga picha mpaka filamu ikaisha. Mimi nikainua kichwa kumtafuta Beja. Alikuwa amesimama maji ya kifua, ameivua miwani. Hakunitazama. Alikuwa anaitazama mikono yake. Ameigeuza viganja juu, anaitazama.

Nikajua. Yaani nilidhani nimejua, na mtu wa aina yangu hatofautishi mambo hayo mawili. Nani mwingine aliyepajua Birikani? Wageni tu, nao wasingeweza kurudi bila sisi. Nani alitoka kwao na mkoba mzito? Na kwa nini anaitazama mikono? Siku mbili nilinyamaza. Niliwasikiliza wavuvi waliokuja kunywa chai kwa Bi Mejumaa, nikiwa upande wa pili wa makuti nasugua miwani. Walikuwa wanazungumza habari za watu wanaoponda utupa, ule mmea wa sumu, wakautia kwenye madimbwi samaki wakaelea. Mmoja akasema, "Siku hizi hawapondi tena. Siku hizi kuna dawa za dukani." Nikasimama na kitambaa mkononi. Siku ya tatu, Beja alipokwenda na wageni, niliingia stoo mchana kweupe nikaufungua mkoba wake. Chini ya blanketi, imeviringishwa kwenye gunia, ilikuwa chupa yenye picha ya ng'ombe na fuvu la mtu. Dawa ya kuogeshea ng'ombe. Nikachukua kikombe cha bati nikateka maji ya bahari, nikatia dawa kiasi cha kifuniko. Wallahi, maji yaligeuka meupe palepale, mazito, kama tui la kwanza. Sasa wewe uliyesoma unaweza kuniambia dawa ile hugeuza maji yoyote meupe, hata ya kisima, na kwamba weupe wa maji si weupe wa matumbawe. Mimi wakati ule niliona kikombe cheupe na kidimbwi cheupe, nikaviunga.

Nilimpelekea Mzee Athumani chupa. Ijumaa baada ya sala wazee wa bandari ya mashua wakaja bandani, wakakaa kwenye mabenchi, na wavuvi wakasimama nje. Nikaulizwa, nikasema. Nikaombwa nionyeshe, nikateka maji tena, nikatia tena, kikombe kikageuka tui mbele yao, na wote wakasema astaghfirullah kwa pamoja. Sitaki kujifanya nilikuwa naona haya. Nilijiona mwenye akili. Beja alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, katikati.

"Hii dawa ni yako?" mzee wao akauliza.

"Ni yangu, mzee."

"Ya nini, hapa pwani?"

"Ya mbuzi wa Mzee Athumani. Wana kupe masikioni."

"Nani alikutuma?"

"Hakunituma mtu. Niliwaona tu."

Watu wakaguna. Mtu abebe dawa kutoka Kinango kwa ajili ya mbuzi wa mwenzake bila kutumwa! Nami niliguna. Wema usioombwa ulitushinda kuuamini.

"Uliitia baharini?"

"Sikuitia."

"Vizuri. Basi apa. Sema, haki ya Mungu, yaliyoyapata matumbawe hayakutoka mkononi mwangu. Useme hayo tu, sisi twende zetu."

Hata Bi Mejumaa jikoni alikuwa ameacha kuongea, na hilo halikuwa limepata kutokea. Nilikuwa naomba, naapa nilikuwa naomba, aseme. Beja akafungua mdomo. Akaitazama mikono yake. Akaufunga.

"Siwezi kuapa hilo," akasema.

Ikawa imekwisha. Mzee Athumani alimwambia akusanye vitu vyake, na wavuvi wakamwambia wasimwone tena pwani ile, si Diani, si Msambweni, si popote penye mwamba. Hawakumpiga, kwa kuwa wazee walikuwepo. Alitoka na blanketi na rungu, akapita nilipokuwa nimesimama mlangoni kwenye mapezi ya watoto. "Ungeniuliza, Mwanasha," akasema, bila ile dada yake. "Ningekwambia yote." Nikamjibu kwa macho makavu, "Nikuulize nini, nami nimeona?" Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayekubali. Kule kukubali nikakuhesabu kuwa ushahidi wa mwisho. Bi Mejumaa hakunipakulia chakula mchana ule. Alisema sufuria imeungua, nami nilikuwa naiona sufuria, haikuungua.

Mwezi wa tano Birikani palikuwa pameota ukungu wa kijani, matumbawe yanavunjika ukiyagusa kama mkate mkavu. Nikawa naenda peke yangu kulia na kulaani. Kisha habari zikaanza kuja, kipande kipande. Mchuuzi mmoja wa samaki akasema Shimoni nako ni kweupe. Mwingine akasema Funzi. Nikashuku kwamba Beja amehamia huko na chupa nyingine, naapa nilishuku hivyo, nikamwambia na Bi Mejumaa. Akaacha kukuna nazi. "Ana chupa ngapi huyo kijana, mwanangu?" akauliza, akarudi kukuna nazi yake.

Mwezi wa saba akaja mama mmoja mtafiti wa mambo ya bahari, mtu wa Mombasa, na vitabu vyake ndani ya mfuko wa plastiki, akakodi miwani siku tatu. Siku ya mwisho alikaa na Mzee Athumani akinywa chai, nami nikawa naleta mahamri. Nilimsikia akisema kwamba ni pwani nzima, na ng'ambo hata visiwa vya mbali, mwaka mmoja, miezi ileile. Ni joto la maji, alisema. Tumbawe ni kiumbe hai, na rangi yake hupewa na vimelea vidogo vinavyoishi ndani yake na kumlisha. Maji yakizidi joto huvitoa, akabaki mweupe, na joto likikaa sana hufa kwa njaa. Nikasimama na sinia. "Na dawa ya kuogeshea ng'ombe je?" nikauliza. Akageuka. "Nani aliogesha ng'ombe baharini?" Nikamwambia, mtu mmoja, chupa moja. Akacheka kidogo, bila ubaya. "Chupa moja ifike Shimoni na Shelisheli? La, dada. Hakuna mtu aliyetia kitu. Ni joto." Nikamkumbuka Bi Mejumaa na mikono kiunoni. Nani ameibandika bahari jikoni? Nikaliweka sinia chini kwa sababu mahamri yalikuwa yanaanza kutelezea upande.

Yule mama alipoondoka, Mzee Athumani alikaa akitazama kikombe. "Umesikia," akasema. Nikamwambia nimesikia, twende kwa Beja. "Tukamwambie nini? Kwamba watu wazima tulikaa kikao tukamfukuza mtu kwa sababu ya jua?" Alifuta ndevu. "Nenda wewe. Wewe ndiye uliyeileta chupa." Alikuwa na haki. Bi Mejumaa akanipikia mkate wa kumimina wa kumpelekea, akaufunga kwenye karatasi, asubuhi ya Alhamisi. Nikafika Ukunda, nikapanda gari la kuelekea Kinango, nikakaa dirishani. Nikaanza kufikiria baba yake atanitazamaje. Mama yake atasema nini. Na je, kwa nini basi hakuapa? Shuku ile ikanipa mahali pa kushika. Labda aliitia kweli, nikajiambia, hata kama joto nalo lilikuwepo. Gari lilipotiwa moto, nikateremka. Mkate nikaula mwenyewe, wote, nimekaa nyuma ya duka la unga, na jioni nikamwambia Bi Mejumaa kwamba Beja ameshukuru sana. Huo ndio uongo mkubwa niliopata kuusema, na hakuna aliyeushuku.

Nikaolewa, nikazaa, banda likafungwa, Bi Mejumaa akatangulia mbele ya haki akiamini kwamba mkate wake ulifika. Miaka yote hiyo nimekuwa nikiwashuku watu wengine, majirani, mafundi, wakwe. Nadhani sasa najua sababu. Nilijua binadamu anavyoweza kukaa na kitu.

Siku ya matanga niliuokota mwiko, nikamwachia mwenzangu sufuria, nikaenda kwenye mfereji nikifuta mikono kwenye leso. "Beja," nikasema. Akanitazama, akatabasamu, na meno mawili hayapo. "Dada Mwanasha! Bado unawatemea watu mate kwenye miwani?" Lo, ile dada ilinichoma kuliko tusi. Tukaulizana hali, watoto, wazee. Alikuwa na wajukuu sita na ng'ombe zaidi ya wajukuu. Alisema alipopata habari ya Mzee Athumani alijiuliza kama ana ruhusa ya kuja, kisha akaona maiti hanuni. Nikamwuliza, kwa kuwa sikuweza kujizuia hata siku hiyo, kwa nini ananawa namna ile.

Akaitazama mikono yake. Palepale, vilevile, viganja juu.

"Mazoea," akasema. "Nilivyotoka nyumbani mwaka ule, siku ile niliogesha ng'ombe thelathini kwa mikono hii, dawa imenifika kwapani. Kisima kilikuwa kimejaa matope, sikuoga. Nikalala gunia, asubuhi nikaingia Birikani nimeipaka mwilini. Niliahidi kuingia kwa adabu, na nikaingia na sumu." Akatikisa kichwa kama siku ile mlangoni. "Ulikuwa na haki, dada. Waliponiambia niape haikutoka mkononi mwangu, ningeapaje? Nyumbani kwangu haguswi ng'ombe wala chakula mtu hajanawa mara tatu. Mwanangu wa kwanza alitaka sana nimlete aone bahari, niliyokuwa namsimulia, akina Fahali na Mkwe. Nilimkatalia. Nilimwambia sisi kule tuliharibu." Kisha akasema, Mungu amlinde, "Nisamehe kwa mahali pa bibi yako. Nimekuwa nikitaka kukuambia hilo miaka mingi."

Nikamwambia. Nilimwambia yote kwa pumzi moja, joto, Shimoni, visiwa, vimelea, mama mtafiti na kicheko chake. Nikamwambia tone la jasho lako haliui hata kidimbwi cha bata, sembuse Birikani. Nikamwambia pameanza kurudi, si pote, lakini makabichi machanga yapo, ya kahawia, na mwaka jana nimemwona mkunga anachungulia tunduni, njoo na mwanao, njoo na wajukuu wote sita, mimi nitawavika miwani. Nilikuwa naongea haraka, najisikia, ili asipate nafasi. Alinisikiliza hadi mwisho. Uso wake ulifunguka kwanza, kama wa mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Kisha nikauona unafunga taratibu, na macho yakanijia, macho niliyoyajua vizuri kwa kuwa ni yangu.

"Ulijua lini?" akauliza.

Ningeweza kumdanganya. Nilikuwa na uzoefu.

"Mwezi wa saba," nikasema. "Mwaka ule ule."

Kule mbele walikuwa wanamwita, masinia yameshawekwa, wali unapoa. Aligeuka akaufungua mfereji, na maji yakatoka kwa nguvu yakamrukia miguuni. Alisimama akiyatazama, mikono imening'inia, wala hakunawa tena. Kisha akaufunga, akaenda kukaa na wenzake, akala kwa mikono ile.